Nagano kwa mara ya kwanza: bonde moja, usiku mmoja

Ujumbe wa aina moja hunifikia kila msimu, kutoka Dar, Mombasa, hata Muscat: "Ndugu, nikimaliza shughuli zangu Tokyo nitabaki na siku nne. Nataka kuona milima. Nianzie wapi?" Jibu langu halibadiliki: nenda Nagano. Kisha hunijia orodha ya sehemu tisa ambazo mtu anataka azimalize ndani ya hizo siku nne, na hapo ndipo ninapolazimika kuongea kwa kirefu.

Kazi yangu ni kuongoza wageni katika mkoa huu, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Jambo la kwanza ninalowaeleza ni umbo la nchi yenyewe. Nagano haina bahari, imepakana na mikoa minane, na safu tatu za milima, yaani Hida, Kiso na Akaishi, zinapita humo na mipakani mwake. Kwa pamoja huitwa Alpu za Japani. Kilele cha Oku-Hotaka kina mita 3,190. Aliyekulia Moshi au Rombo ataona ni kifupi, maana Kilimanjaro una mita 5,895. Lakini Kilimanjaro umekaa peke yake, unauzunguka utakavyo. Huku milima imeshikana mabega, na kila bonde limefungiwa kivyake. Sehemu mbili zilizo karibu kwenye ramani zinaweza kukulia nusu siku, kwa kuwa reli na barabara lazima zifuate mto.

Nililijifunza hilo kwa gharama ya watu wengine, na bado linaniuma. Mwaka wangu wa kwanza niliipangia familia moja ngome ya Matsumoto asubuhi na bonde la Kamikochi mchana. Tulifika kwenye daraja la Kappa, tukapiga picha, na nusu saa baadaye tukawa kwenye foleni ya basi la mwisho. Mama wa familia ile akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, safari yote ile ilikuwa ya kuja kuona daraja?" Tangu siku hiyo sipangi zaidi ya bonde moja kwa siku, na kila bonde nalilalia angalau usiku mmoja.

Mlango rahisi ni jiji la Nagano lenyewe. Treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo huchukua kama saa moja na nusu. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1997, miezi michache kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1998. Hapo wageni huja kwa ajili ya hekalu la Zenkoji, ambalo ukumbi wake mkuu wa mbao ni wa mwaka 1707. Sanamu takatifu ya hekalu, ya Buddha, imefichwa, haionwi na mtu. Nakala yake ndiyo hutolewa hadharani katika kila mwaka wa saba kwa hesabu yao wanaohesabu na mwaka wa kuanzia. Mara ya mwisho ilikuwa 2022.

Chini ya sakafu ya ukumbi huo kuna ushoroba wa giza. Unashuka ngazi, na baada ya hatua chache hata mkono wako mwenyewe huuoni. Unaambiwa uweke mkono wa kulia ukutani, usawa wa kiuno, utembee polepole. Mbao za ukuta ni laini kama sabuni kwa sababu ya viganja vya watu waliotangulia. Mbele yako unasikia pumzi za mtu usiyemwona, kisha mlio wa chuma, ko-ko-ko, na unajua amekifikia kitasa kinachotafutwa na kila anayeingia. Wanaamini anayekigusa ameunganishwa na yule aliyefichwa juu yake. Ni ibada yao, kwa hiyo wageni wangu Waislamu na Wakristo huniuliza mapema kama ni lazima kushuka. Si lazima. Kutazama jengo na kutembea mtaa wake wa maduka hakukudai ushiriki wowote.

Kwenye mtaa huo kula oyaki. Ni maandazi ya unga wa ngano yenye mboga ndani, na mara nyingi huwa ni majani ya nozawana yaliyotiwa chumvi. Soba, tambi za mkoa huu, huliwa baridi juu ya ungo wa mianzi, pamoja na mchuzi wa kuchovea. Kwa anayejihadhari na pombe, mchuzi huo kwa kawaida hupikwa na mirin, kileo kitamu cha mchele. Uliza kabla hujaagiza.

Kutoka jijini, treni ndogo hukufikisha Yudanaka kwa muda usiotimia saa moja. Huko ndiko kwenye kima wanaooga maji ya moto, katika hifadhi ya Jigokudani iliyofunguliwa mwaka 1964. Unatembea kilomita 1.6 msituni, na wakati wa theluji njia huteleza kweli kweli, kwa hiyo raba za mjini hazifai. Hawajafungwa popote, wanashuka mlimani kwa hiari yao. Kiangazi hawana haja ya kuingia majini. Ukitaka ile picha ya kima mwenye theluji kichwani, uso mwekundu na macho yaliyofumba, njoo Januari au Februari. Usishike chakula mkononi, na usimkazie macho, maana kwake huo ni ugomvi.

Lala Shibu, kijiji cha chemchemi za moto kilicho jirani. Kina mabafu madogo tisa ya mtaa, na mgeni aliyelala kijijini hupewa ufunguo. Nasema wazi kwa sababu wengi hawaambiwi: mabafu haya huogwa bila nguo hata kidogo, wanaume kwao na wanawake kwao. Kama hilo hulikubali, tafuta nyumba ya wageni yenye bafu la kukodi kwa familia, mjifungie wenyewe. Utapewa pia yukata, vazi la pamba la kuvaa ukiwa kwenye nyumba ya wageni. Upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti, na mwenye nyumba atakukimbilia akurekebishe.

Kama siku zako ni chache na unaweza kulala mji mmoja tu, ningekuambia ulale Matsumoto. Ngome yake nyeusi ni miongoni mwa tano pekee ambazo minara yake imetangazwa hazina ya taifa, na mnara wake ulijengwa miaka ya 1590. Ukiwa nje unahesabu ghorofa tano, ukiingia ni sita. Moja imefichwa ili adui asijue askari wako wapi.

Ngome hiyo nusura ipotee. Mwaka 1872 iliuzwa kwa mnada ili ivunjwe. Mwenyeji mmoja, Ichikawa Ryozo, akapigania muda, akafanya maonyesho humo ndani na kukusanya fedha za kuinunua tena. Baadaye mnara ukaanza kuinama, na mwalimu mkuu wa shule, Kobayashi Unari, akasimamia harambee ya kuukarabati. Huwa nawasimulia wageni habari hizi tukiwa bado nje, kwenye maji ya handaki, kwa sababu ndani hakuna pumzi ya kusimulia.

Ngazi za ndani zinasimama hadi nyuzi 61, na vipago vingine vimeachana karibu sentimita 40. Unavua viatu mlangoni, unapewa mfuko, unaubeba mwenyewe. Kwa hiyo mkono mmoja una viatu, mwingine umeshika mhimili, na soksi zinateleza kwenye mbao zilizong'arishwa na miaka zaidi ya mia nne. Dada zangu wa baibui na magauni marefu, vaeni suruali ndani na mbebe mkoba wa mgongoni, mikono ibaki huru. Wazee wenye magoti mabovu wabaki bustanini. Ngome inapendeza zaidi ikitazamwa kutoka huko, hasa katikati ya Aprili maua ya sakura yanapochanua na safu ya Hida bado ina theluji nyuma yake. Aliyepanda asikose chumba cha kutazamia mwezi, kilichoongezwa miaka ya 1630. Mnara mkuu una matundu ya mishale na bunduki kila upande. Chumba hiki hakina hata moja, kina ukingo mwekundu na uwazi pande tatu. Vita vilikuwa vimekwisha.

Kutoka Matsumoto, treni hadi Shin-Shimashima kisha basi kama saa moja hukuingiza Kamikochi, bonde lililo mita 1,500 juu ya bahari. Magari binafsi hayaruhusiwi. Bonde hufunguliwa katikati ya Aprili na kufungwa katikati ya Novemba, kwa hiyo ukija Januari kwa ajili ya kima, huku huingii.

Shuka kituo cha bwawa la Taisho, usisubiri kituo cha mwisho. Mwaka 1915 mlima Yakedake ulilipuka, tope lake likaziba mto Azusa, bwawa likazaliwa. Baadhi ya miti iliyozama bado imesimama majini, mikavu na myeupe. Ukifika alfajiri, ukungu hutambaa juu ya maji na mlima unatoa moshi mwembamba kileleni. Kutoka hapo hadi daraja la Kappa ni mwendo wa saa moja ulio tambarare, mtoto wa miaka sita anaumudu. Njiani utaona kengele za kugonga ili dubu wajitenge. Zigonge. Ukingoni mwa mto kuna bamba la shaba lenye sura ya Walter Weston, mmisionari Mwingereza aliyeitangaza milima hii duniani, na Jumapili ya kwanza ya Juni hufanyika sherehe ya kumkumbuka. Nusu ya pili ya Oktoba majani hugeuka dhahabu. Vyumba bondeni ni vichache na ni ghali, ila aliyelala ndiye anayeupata ukungu ule. Wa basi la kwanza huukuta umeshaanza kupanda.

Hakuba, kaskazini zaidi, ni ya wapenda kuteleza kwenye theluji na siielezi kwa kirefu. Ila Mkenya yeyote anayefika huko nampitisha Snow Harp, uwanja wa mbio za ski. Hapo Februari 1998 Philip Boit, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa mwisho, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norwei alikuwa bado anamsubiri kwenye mstari, akamkumbatia. Boit alikuja kumpa mwanawe jina la Dæhlie.

Kusini liko bonde la Kiso, ambako ilipita Nakasendo, njia ya zamani ya kati ya Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto yenye vituo 69. Vituo 11 vilikuwa ndani ya bonde hili. Misitu yake ya hinoki, mti wa mbao zenye harufu nzuri, ililindwa vikali kiasi kwamba watu walisema "mti mmoja, kichwa kimoja": aliyekata alikatwa.

Tembea kutoka Magome hadi Tsumago, viwili kati ya vituo hivyo, kama kilomita 8, saa mbili na nusu hadi tatu. Anzia Magome, maana mpando wake ni mfupi zaidi. Katikati kuna kibanda cha kale ambako wazee wa hapo hukukaribisha chai bila malipo. Kaa, usiwapite kwa haraka. Msimu wa watalii mzigo wako unaweza kutangulia kwa gari ukiukabidhi ofisi ya wageni asubuhi.

Wakazi wa Tsumago walikubaliana mwaka 1971 kwamba nyumba za mji wao hawataziuza, hawatazipangisha, hawatazibomoa. Hata nguzo za umeme huzioni mtaani. Wageni wengi hurudi na basi la alasiri na kukosa saa bora. Saa kumi na moja jioni maduka yanafungwa kwa pamoja, unabaki na mlio wa maji ya mfereji, na taa zinawaka nyuma ya madirisha ya karatasi. Hakuna pa kununua chakula baada ya hapo. Basi, unapoweka nafasi, hakikisha chakula cha usiku kimo kwenye bei, na beba fedha taslimu za kutosha.