Gemu hamsini, jioni tatu kwa wiki: dhana potofu kuhusu rundo la gemu zisizomalizika

Tuanze na hesabu. Mtu ana gemu hamsini ambazo hajazimaliza, na tuseme kila moja inataka saa 20 kufika mwisho wa hadithi. Hizo ni saa 1,000. Anafanya kazi mjini Mombasa, anavuka feri kurudi Likoni jua limeshatua, na akishaoga na kula anapata jioni tatu kwa wiki, saa mbili kila jioni. Saa sita kwa wiki ni wiki 167, yaani miaka mitatu na zaidi, na hapo asinunue hata gemu moja nyingine. Watu huhesabu CD na vijipicha vilivyojaa kwenye skrini. Cha kuhesabu ni saa, na dhana nyingi zilizo hapa chini zinatokana na kutozihesabu.

"Nikinunua wakati wa punguzo nimeokoa pesa"

Gemu ya dola 60 ikiuzwa dola 15, aliyeinunua akaiacha bila kuifungua hajaokoa dola 45. Ametoa dola 15. Tena gemu nyingi huzidi kushuka bei kadiri zinavyozeeka. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ina mapunguzo manne makubwa ya msimu kila mwaka, lile la kiangazi cha nchi za kaskazini likianza karibu na mwisho wa Juni na lile la baridi mwishoni mwa Desemba. Gemu iliyo ya thelathini kwenye foleni yako itapita mapunguzo kadhaa kabla zamu yake haijafika, na kila mara inaweza kuwa rahisi kuliko leo. Kwa mnunuzi wa Kenya bei ya Steam huja kwa dola, kwa hivyo kiwango cha benki au cha kadi ya Visa ya M-Pesa nacho kinaingia kwenye hesabu.

Utaratibu unaofaa ni huu: gemu uitakayo iweke kwenye orodha ya matamanio ya duka, ambalo litakuarifu kwa barua pepe bei ikishuka, na uinunue siku ambayo usiku wake unaketi kuicheza. Hapo utapata pia faida ya kurudishiwa pesa, kwa maana Steam na duka la Epic hurudisha ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. Ukinunua leo ukafungua mwakani, nafasi hiyo imekwenda. Duka la GOG hukupa siku 30 hata kama umeshaicheza. PlayStation ni siku 14, lakini mara gemu inapoanza kupakuliwa haki hiyo kwa kawaida huisha, kwa hivyo angalia mtambo wako wa kuchezea usianze kupakua wenyewe baada ya malipo.

"Nimeilipia, ni yangu milele"

Hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi, na inamgusa hasa mwenye rundo, kwa sababu yeye ndiye anayeweka gemu miaka. Unachonunua kwenye duka la mtandaoni ni leseni ya kucheza, na tangu 2024 Steam inaandika hivyo waziwazi kwenye ukurasa wa malipo. Mfano uko karibu: The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014, ilihitaji seva hata kwa anayecheza peke yake. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na kuanzia siku hiyo hata aliye na CD halisi hakuweza kuicheza tena. Aliyekuwa ameiweka "nitaicheza nikipata nafasi" alibaki na kasha.

Gemu za kila mwezi za PlayStation Plus, usajili wa kulipia wa PlayStation, nazo huhesabiwa na wengi kama mali. Unaziongeza kwenye akaunti, zinakaa, lakini zinafunguka tu usajili ukiwa hai. Zile za katalogi ya daraja la juu zinaweza kuondolewa hata ukiwa bado unalipa, na duka hutangaza tarehe mapema.

Kwa hiyo foleni isipangwe kwa hamu peke yake. Mbele kabisa weka zinazotegemea seva, kisha zinazotoka kwenye katalogi mwezi huu, kisha zilizofungwa na usajili. Gemu ulizonunua GOG zinaweza kungoja nyuma kabisa: zina faili la kusakinisha lisilohitaji kuingia kwenye akaunti, unalipakua mara moja, unalinakili kwenye diski ya nje, na hakuna wa kulizima.

"CD haina wasiwasi, ukimaliza unaiuza"

CD kweli ina faida hiyo. Ukimaliza unaiuza, au unabadilishana na mwenzako kwa kuongeza kidogo, na mzunguko huo umefundisha vijana wengi wa Mombasa kumaliza gemu kabla ya kuchukua nyingine. Lakini CD iliyokaa kwenye rundo miaka mitatu ina mambo yake.

Kwanza, idadi. Red Dead Redemption 2 ya PS4 ina CD mbili: moja ya data, inayotumika wakati wa kusakinisha, na moja ya kuchezea, inayobaki kwenye mtambo. The Last of Us Part II na Final Fantasy VII Remake za PS4 ni vivyo hivyo. Ukinunua mkononi mwa mtu, fungua kasha uhesabu, kwa sababu ukipata ya kuchezea bila ya data huwezi kusakinisha.

Pili, eneo. CD ya PS4 inachezeka popote, lakini nyongeza za gemu zinazonunuliwa mtandaoni lazima zilingane na eneo la CD. Duka la PlayStation halina tawi rasmi la Kenya, na wachezaji hapa wana akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. CD ya Marekani ukiinunulia nyongeza kwa akaunti ya Uingereza, pesa zitatoka na nyongeza haitaonekana. Linganisha kabla ya kulipa.

Tatu, mikwaruzo. Wengi bado wanasugua CD kwa dawa ya meno, mazoea ya enzi za PS2. Gemu nyingi za PS2 zilikuwa kwenye DVD, ambayo tabaka la data liko milimita 0.6 ndani ya plastiki, kwa hivyo kuusugua uso wake kidogo kulisaidia pengine. CD ya PS4 na PS5 ni Blu-ray, na tabaka lake liko milimita 0.1 tu chini ya uso, likikingwa na mipako migumu. Ukisugua unaondoa ule mkingo, na data iko hapo hapo. Tumia kitambaa laini kikavu, ufute kutoka tunduni kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na kinachoathirika kwanza ni mtambo na nyaya zake. Usiufungie ndani ya kabati la runinga wakati wa kaskazi: joto la Januari na vumbi kwenye feni vinatosha kuufanya upige kelele na ujizime katikati ya pambano. CD zikae kwenye makasha yake, wima, mbali na dirisha linalopigwa na jua.

"Nikifuta gemu nimepoteza nilipofika"

Kwenye PS4, PS5 na Nintendo Switch, kufuta gemu hakufuti seivu. Seivu ni faili dogo linalohifadhi ulipofika, na linakaa mahali pake. Ukisakinisha tena baada ya mwaka, unaendelea ulipoachia. Kwenye kompyuta angalia kwanza kama gemu hiyo inahifadhi seivu kwenye wingu (hifadhi ya mtandaoni) la Steam, kwa kuwa baadhi ya gemu huziweka kwenye folda yao na zinaweza kwenda nazo. Seivu za PS4 unaweza kuzinakili kwenye flashi kupitia mipangilio. Za gemu za PS5 haziendi kwenye flashi, zinapanda tu kwenye wingu la waliolipia PlayStation Plus.

Dhana hii inajaza mitambo bure. PS4 ya GB 500 inakuachia takriban GB 400, na gemu nne kubwa zinaimaliza. Tena apdeti ya PS4 hunakili faili za gemu upya, kwa hivyo inaweza kuomba nafasi tupu inayokaribia ukubwa wa gemu nzima. Hapo ndipo mtu anapoona "nafasi haitoshi" na hali apdeti yenyewe ni ndogo.

Kinachostahili kuogopwa ni kupakua upya. GB 100 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni karibu saa 22, na kwa megabiti 20 ni saa 11. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa 2009, lakini kinachofika sebuleni Bamburi au Mikindani ni kile cha kifurushi ulicholipia, na kwa bando la simu gemu moja tu inaweza kula bajeti ya mwezi. Ufumbuzi ni diski ya nje ya USB 3.0, kati ya GB 250 na TB 8. Kwenye PS4 gemu zinachezeka moja kwa moja kutoka humo. Kwenye PS5, gemu za PS4 zinachezeka, ila za PS5 zinahifadhiwa tu na lazima zirudishwe ndani kabla ya kuchezwa. Hata hivyo kuirudisha ni kazi ya dakika, si ya usiku kucha. Kumbuka kwamba mtambo utaiumbiza diski hiyo na kufuta kila kilichomo, kwa hivyo toa picha za harusi kwanza. Na usiichomoe ikiwa inafanya kazi. Nenda kwenye mipangilio, iambie iache kutumika, ndipo uvute waya.

"Nikianza nyingi kwa pamoja zitaisha haraka"

Mshika mbili moja humponyoka, na kwenye gemu kinachoponyoka ni vidole. Kila gemu ndefu ina mpangilio wake wa vitufe vya pedi, ramani yake na orodha ya kazi. Ukiiacha wiki tatu unarudi hujui kitufe cha kukwepa ni kipi, unapigwa mara tano, unaifunga. Saa kumi ulizokwisha kuweka zinakaa pale zikingoja.

Chukua mbili tu: moja ndefu, moja fupi ya usiku wenye uchovu. The Witcher 3 ni karibu saa 50 kwa hadithi kuu. God of War ya 2018 ni karibu 20. A Short Hike inaisha kwa saa mbili hivi. Kabla ya kuzima, andika kwenye simu mistari mitatu: niko wapi, nilikuwa naenda kufanya nini, kitufe gani nimejifunza leo. Mistari hiyo mitatu huokoa gemu nyingi kuliko mpango wowote mkubwa. Ukirudi baada ya muda mrefu, usianze na pambano kuu. Zunguka kwanza na maadui wadogo robo saa, vidole vitakumbuka.

Na useivu kwa mkono. Kuulaza mtambo ili uendelee kesho hapo hapo ni raha mpaka stima ipotee usiku: gemu iliyolazwa inafungika, na kila kilichofanywa baada ya seivu ya mwisho kimekwenda. Betri ya UPS ndogo inakupa dakika chache tu, lakini zinatosha kuseivu na kuzima kwa utaratibu.

"Lazima nianze na ya kwanza katika mfululizo"

Mara nyingi si lazima. The Witcher 3 inaeleweka bila mbili za mwanzo, na gemu nyingi za Final Fantasy zenye namba zina hadithi na wahusika wapya kabisa. The Last of Us Part II ndiyo isiyofuata kanuni hii: bila ya kwanza ya 2013 uzito wake haukufikii. Kujua tofauti hii kunaweza kutoa saa 60 kwenye foleni kwa dakika moja.

"Ngazi rahisi si kumaliza"

Watengenezaji wenyewe wameiweka. Celeste ya 2018, gemu inayojulikana kwa ugumu, ina mipangilio ya kupunguza kasi na hata kuzuia kufa, na mwisho wa hadithi ni ule ule. Mwenye saa sita kwa wiki akishusha ngazi ili apite pambano lililomkwamisha siku nne, hajamdhulumu mtu.

"Kuiacha katikati ni hasara"

Maji yakimwagika hayazoleki. Pesa ya gemu ilitoka siku ya kununua, na kujilazimisha saa 30 nyingine hakuirudishi, kunaongeza tu jioni kumi na tano juu yake. Fungua orodha ya trofi (tuzo unazopewa ukifika hatua fulani) ya gemu kubwa yoyote, tafuta ile ya mwisho wa hadithi, uone asilimia ya waliofika: mara nyingi ni chini ya nusu. Icheze saa tatu kwa moyo wote, na ikiwa bado hujisikii kurudi, iandike "imeachwa" na uiondoe. Ikiwa ni CD iuze wiki hiyo hiyo, kabla toleo jipya halijashusha bei yake.

Tena zipo ambazo hazina mwisho. EA FC, eFootball na Fortnite hazimaliziki, na kuzihesabu kwenye rundo kunakutisha bure. Zitoe. Zinazobaki ziandike kwenye daftari kwa safu nne: jina, saa inazotaka, inategemea seva au la, CD au akaunti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye gemu hamsini kuna uwezekano mkubwa wa kukuta moja uliyoinunua mara mbili, ya PS4 na ya kompyuta. Jumlisha safu ya saa, gawanya kwa saa zako za wiki, uandike jibu juu ya ukurasa, na ulisome kabla ya kufungua duka.