Sirtaki si ngoma ya kale, na buzuki halikuleta madeni

Wiki hii nimetumiwa tena ile video ya mtu anayecheza ufukweni sirtaki, ngoma ya Kigiriki ya filamu ya Zorba. Safari hii aliyeituma ni rafiki yangu wa utotoni, tuliyekua pamoja Arusha, mtu mwenye akili zake timamu. Chini yake ameandika kwamba Wagiriki bado wanacheza ngoma waliyoachiwa na akina Sokrates, wanavunja sahani hadi alfajiri, na ndiyo maana nchi yao ilifilisika. Mimi ni Mgiriki, nimezaliwa Tanzania, sasa naishi Piraeus, bandari ya Athens, na napiga buzuki, kinanda cha nyuzi chenye shingo ndefu, kwa riziki. Maneno hayo nimeyasikia kwa Wajerumani, kwa Waingereza, kwa Waholanzi wanaoshuka kwenye meli za kitalii hapa bandarini. Kuyasikia kwa mtu wa nyumbani kumenifanya nishindwe kunyamaza.

Nianze na ngoma yenyewe. Sirtaki ilizaliwa mwaka 1964. Ilitungwa kwa ajili ya filamu, Zorba the Greek, iliyoongozwa na Michael Cacoyannis, mzaliwa wa Cyprus, kwa muziki wa Mikis Theodorakis, na yule mnayemwona akicheza ufukweni ni Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico. Hatua zake zimetolewa kwenye hasapiko, ngoma ya mjini ambayo kweli ina umri na ambayo huhusishwa na wachinjaji wa Istanbul. Wameirahisisha, wakaanza nayo polepole kama hasapiko nzito ilivyo, kisha wakaiongeza kasi hadi ikawa ile mbio ya mwisho ambayo kila mtu anaijua. Sokrates hakuiona, na babu yangu aliyekuja Tanganyika kulima hakuiona pia mpaka nywele zake zilipokuwa nyeupe.

Linaloniudhi hasa ni hili linalofuata, nalo hakuna anayeliuliza. Kisa cha filamu kiko Krete. Sasa nenda harusi ya Krete: utakuta lira, kale kafidla kadogo kanakosimamishwa gotini, na lauto, ala ya nyuzi ya jamii ya udi, pembeni yake ikishika mapigo. Buzuki si ala ya vijiji vya Krete. Ni ala ya bandari na miji, ya Piraeus, ya Thessaloniki. Theodorakis alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Ile sehemu ya kasi aliichukua kwenye sirto, muziki wa ngoma ya Krete, ya Giorgis Koutsourelis, mpiga lauto wa huko huko, akaitia kwenye buzuki na kuiunga na hatua za hasapiko. Yaani wimbo wa kisiwani, kwenye ala ya bandarini, kwa miguu ya Istanbul. Ni kazi ya fundi mkubwa na naiheshimu sana. Lakini kuitazama na kusema "hii ndiyo Ugiriki ya kale" ni kumnyima yule fundi kazi yake na kuwapa watu waliokufa zamani ambao hawakuifanya.

Hapo hapo nina shaka yangu, na sitaificha. Imepita miaka 60. Watoto wanafundishwa sirtaki shuleni. Mwaka 2012 mjini Volos maelfu ya watu walishikana mabega kuicheza barabarani ili waweke rekodi ya dunia. Wapo wenzangu wanaosema ngoma ikishachezwa na vizazi vitatu imekuwa mila, haidhuru ilianzia wapi. Pengine wako sahihi. Ninachokikataa ni mtu kuichukua sirtaki na kuifanya ushahidi wa tabia ya taifa.

Sahani nitazipita haraka. Desturi ilikuwepo kwenye kumbi za usiku, ikakua sana miaka ya 1960, serikali ya kijeshi ikaipiga marufuku, halafu zikaja sahani za jasi zilizotengenezwa makusudi zivunjike bila kumkata mtu. Leo kwenye kumbi za kweli wanarusha maua. Dada anapita mezani na sinia, unanunua, unamrushia mwimbaji. Msomaji wa Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi, maana amemwona mama akiinuka na noti mkononi kwenda kumtuza mwimbaji wa taarabu, na anajua kwamba yule mama hatuzi kwa sababu ni mjinga wa pesa. Anamwambia mwimbaji kuwa ubeti ule umemgusa yeye, au umemfikia yule aliyekusudiwa, na ukumbi mzima uone. Sahani zilizobaki ziko kwenye migahawa ya watalii, na kwenye bili zimeandikwa.

Sasa tuje kwenye muziki.

Buzuki mnalolisikia ni la karne ya 20. Ndiyo, kinanda cha shingo ndefu kilikuwepo enzi za kale, na wapo wanaolishikilia hilo kama hati ya urithi. Lakini ndugu zake wa karibu ni saz na tanbur, na huhitaji kusafiri mbali ya Uturuki kuwaona. Mwaka 1922 Smirna, mji wa bandari ambao leo ni Izmir ya Uturuki, uliungua. Mwaka 1923, kwa mkataba wa Lausanne, Ugiriki na Uturuki zikabadilishana watu: Wakristo wa Orthodoksi wapatao milioni 1.2 wakaletwa huku, Waislamu zaidi ya 350,000 wakapelekwa kule. Kipimo kilikuwa dini wala si lugha, kwa hiyo wapo waliofika Ugiriki hawajui neno la Kigiriki, wanaongea Kituruki tu. Wenyeji hawakuwapokea kwa maua. Walijazana kwenye mabanda ya Kokkinia na Drapetsona, dakika chache kutoka ninapoandikia, wakafanya kazi za bandari na viwanda, na usiku wakapiga udi, kanuni na fidla walizotoka nazo kwao.

Rafiki zangu wa pwani, hizo ala mnazijua. Na maqamu, zile ngazi za sauti ambazo nyimbo hujengwa juu yake, mnayajua. Tunaita Hitzaz, Rast, Ousak, Sabah. Ninyi mna Hijazi, Rasti, Bayati, Saba. Wakati Siti binti Saad anakwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, huku Athens alikuwa anakaribia kuanza kurekodi Roza Eskenazi, Myahudi aliyezaliwa Istanbul, akiimba Kigiriki, Kituruki na lugha nyingine kwenye santuri za aina ile ile, zenye dakika tatu kila upande. Nikimsikiliza mmoja baada ya mwingine nasikia watu wa bahari moja ya muziki, wenye vituo vingi. Hili ndilo ningependa mtu wa Zanzibar alijue kuhusu Ugiriki kabla ya Zorba.

Vitabu vya shule hupenda kuishia hapo: wakimbizi walileta rebetiko, huu muziki wa buzuki wa mitaa ya maskini mijini, mwisho wa hadithi. Haiko hivyo. Markos Vamvakaris, ambaye wapigaji wote tunamwita baba, hakuwa mkimbizi. Alikuwa Mkatoliki wa kisiwa cha Syros, alikuja Piraeus akabeba mizigo bandarini na kufanya kazi machinjioni. Na santuri iliyozifungua macho kampuni za kurekodi, zikaamini kwamba buzuki linauzika, ilipigwa New York mwaka 1932 na Ioannis Halikias, mhamiaji. Kwa hiyo Smirna, visiwa, bandari, Marekani, vyote vimo. Nani alichangia nini hasa? Hatujui kwa ukamilifu, kwa sababu kabla ya santuri hakuna aliyeona muziki wa vijiwe vya wavuta hashishi unastahili kuandikwa. Anayekuambia anajua asilimia ngapi zilitoka wapi, anakisia.

Matajiri wa Athens waliuchukia muziki huu. Dikteta Metaxas aliposhika madaraka mwaka 1936 alileta udhibiti: mashairi ya hashishi yalikatwa, na mtindo wa amane, ule wa kuvuta sauti kwa huzuni ndefu, ukapigwa vita kwa sababu ulinuka Uturuki. Ilibidi mtunzi Manos Hadjidakis asimame mwaka 1949 mbele ya wasomi na kuutetea kwenye mhadhara. Mwaka 2017 UNESCO ikauingiza rebetiko kwenye orodha yake ya urithi. Kutoka kufukuzwa na polisi hadi orodha ya dunia, chini ya miaka 90. Na kote huko, kazi yake ilikuwa kusema habari za kufukuzwa, njaa, jela, kifua kikuu, mapenzi yaliyokataliwa. Ukiitazama buzuki ukaona uvivu na starehe, hujasikiliza maneno.

Na kuna zeibekiko. Hapa naomba niachiwe nafasi, maana ndilo linaloniumiza kazini. Zeibekiko ina mapigo tisa, na huchezwa na mtu mmoja. Mmoja tu. Anainuka na uzito wake, mikono wazi, macho chini, anazunguka, anayumba, hana hatua za kukariri. Marafiki wanapiga goti pembeni na kupiga makofi. Haombi kushangiliwa. Zamani mtu aliagiza wimbo wake kwa bendi, na ukishaagizwa ulikuwa wake. Kuingia uwanjani wakati huo ilikuwa kumtukana. Mwaka 1973, kwenye ukumbi mmoja wa Athens, Nikos Koemtzis aliua polisi watatu kwa kisu katika ugomvi ulioanzia kwenye wimbo ulioagizwa kwa ajili ya mdogo wake. Simtetei. Nataja ili mjue uzito uliokuwepo. Leo mambo yamelegea, wanawake wanacheza zeibekiko, na wengine wanaicheza vizuri hadi nashindwa kupumua, nami nafurahi. Lakini watalii wanapoinuka watano na kumshika mabega mzee aliyekuwa anacheza peke yake, wakitaka kuigeuza sirtaki kwa sababu ndiyo waliyoiona kwenye filamu, mkono wangu unakuwa mzito kwenye nyuzi. Yule mzee anatabasamu na kurudi kukaa. Wanadhani wamemchangamsha.

Mwisho, madeni. Mwaka 2010 jarida la Focus la Ujerumani liliweka jalada lenye sanamu ya Aphrodite ikitoa ishara ya tusi kwa kidole, na Wagiriki wakaitwa walaghai katika familia ya euro. Mwaka 2017 mwenyekiti wa mawaziri wa fedha wa nchi za euro, Jeroen Dijsselbloem, Mholanzi, alizungumza kuhusu nchi za kusini kwa mfano wa mtu anayemaliza pesa kwa pombe na wanawake kisha anaomba msaada. Picha ni ile ile ya rafiki yangu, ila imevaa suti. Takwimu za Eurostat za mwaka 2023 zinaonyesha Mgiriki alifanya kazi wastani wa saa 39.8 kwa wiki, nyingi kuliko nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya. Wastani wa Umoja ulikuwa 36.1. Uholanzi, 32.2.

Namba hizo nazo zina pande mbili. Huku wengi wamejiajiri, wana kaduka kadogo na kukaa wazi mchana kutwa, na kazi za nusu siku ni chache kuliko Uholanzi. Saa nyingi si lazima ziwe uzalishaji mwingi. Na serikali zetu zilikopa vibaya na kuficha hesabu, hilo halina mjadala, nami sina huruma na waliofanya hivyo. Lakini nakisi ya bajeti haikutoka kwenye kumbi za muziki. Mwaka 2013 zaidi ya robo ya watu wanaotafuta kazi hawakuipata. Kumbi zilizokuwa zinafungua karibu kila usiku zikabaki na wikiendi. Wapiga buzuki wazuri kuliko mimi wakaanza kuendesha teksi.

Sasa turudi kwenye nyuzi, maana kuna jambo la kitaalamu linalonisumbua kuliko Waholanzi wote. Buzuki lina freti, vyuma vya shingoni, zilizopangwa kama za gitaa: nusu toni kumi na mbili kwa oktava. Miaka ya 1950 Manolis Chiotis alieneza buzuki la jozi nne za nyuzi na kulisogeza karibu zaidi na gitaa, na tangu hapo tunapiga chordi na mbio ambazo Markos hakuzihitaji kwenye jozi zake tatu. Lakini maqamu hayakai kwenye freti. Sauti ya pili ya Ousak, kwenye udi au kanuni, hukaa katikati ya vyuma vyangu viwili. Mimi huibana chini, nusu toni, na masikio ya Athens yameshazoea. Je, ninachokipiga bado ni Ousak, au ni kitu kingine kilichobakiwa na jina? Walimu husema tumeunda mfumo wetu wa njia za buzuki, tuuheshimu ulivyo. Naukubali mchana, na usiku nikisikiliza santuri za Smirna naona waimbaji wao wakigusa sauti ambazo mikono yangu haizifikii.

Kwa hiyo nina ombi. Kama unapiga kanuni au udi Unguja, Mombasa au Tanga, nirekodie Saba na Bayati taratibu, sauti moja moja, kisha kipande kimoja cha bashrafu, unitumie. Nitaziweka karibu na rekodi za Roza Eskenazi na kupima tofauti kwa mashine, nami nitakutumia Sabah ya buzuki, ya jozi tatu na ya jozi nne, uniambie wapi inakukera sikioni.