Je, Wajua kwa Nini Linux Mpya Hushindwa Kuijaza Skrini Yako?

Usakinishaji wa Linux umekamilika bila kosa hata moja, kompyuta imezimika na kuwaka tena, kisha eneokazi linatokea likiwa na maandishi manene yenye kingo zilizofifia na aikoni zilizovimba. Ukichora duara kwenye programu yoyote ya kuchorea, hutokea kama yai lililolazwa. Ukifungua mipangilio ya skrini unakuta kwamba kikomo ni pikseli 1024 kwa 768, ilhali monita iliundwa kwa 1920 kwa 1080 na jana tu, chini ya mfumo mwingine, ilitoa picha safi kabisa. Monita haijaharibika. Kinachofanyika ni kwamba picha yenye pikseli 786,432 inatandazwa juu ya kioo chenye pikseli 2,073,600, na kwa kuwa picha hiyo ina uwiano wa 4 kwa 3 huku kioo kikiwa na uwiano wa 16 kwa 9, inavutwa kwa upana mpaka ienee.

Kipimo hiki cha pikseli ndicho kinachoitwa resolusheni. Mashine za kutafsiri hupenda kukiita "azimio", kana kwamba skrini imeketi kikao na kupitisha hoja, kwa hiyo ukilikuta neno hilo kwenye mipangilio usibabaike. Sababu za resolusheni kukwama ni mbili, na watu wengi hupoteza siku nzima kwa kuitibu moja ilhali wanaugua nyingine: ama kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, haikupata kiendeshi cha kadi ya grafiki, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo, ama kiendeshi kipo lakini skrini haikusikika ilipojitambulisha.

Tuanze na kujitambulisha huko, kwa sababu ni jambo ambalo wengi hawajui kuwa lipo. Ndani ya monita kuna kumbukumbu ndogo iliyoandikwa kiwandani, na taarifa iliyomo hufuata muundo unaoitwa EDID, uliotolewa na shirika la viwango la VESA mwaka 1994. Sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu. Huanza na baiti nane zisizobadilika, 00 FF FF FF FF FF FF 00, kisha hufuata herufi tatu za utambulisho wa mtengenezaji, namba ya bidhaa, mwaka wa kutengenezwa, upana na kimo cha kioo kwa sentimita, na maelezo ya resolusheni ambayo skrini inaipendelea kuliko zote. Baiti ya mwisho ni ya uhakiki: jumla ya baiti zote 128 lazima igawanyike kwa 256 bila baki, vinginevyo taarifa huhesabiwa kuwa imeharibika njiani. Kadi ya grafiki huisoma taarifa hiyo kupitia nyaya mbili nyembamba zilizomo ndani ya kebo ileile inayopeleka picha, na katika kebo ya HDMI kompyuta hutoa pia umeme wa volti 5 unaoiwezesha kumbukumbu hiyo kusomwa.

Anayesoma ni kiendeshi. Tangu kerneli toleo la 2.6.29 la mwaka 2009, kazi ya kupanga resolusheni ilianza kuhamishiwa ndani ya kerneli yenyewe, kwanza kwa kadi za Intel, na leo viendeshi kama i915, amdgpu na nouveau huifanya mapema kabisa wakati kompyuta inawaka. Kiendeshi kisipopakiwa, kerneli hurithi picha iliyokwisha kuandaliwa na UEFI, ile programu ya mwanzo iliyo kwenye ubao mkuu, na kuendelea kuchora juu yake. Haina uwezo wa kuibadilisha. Iliyokabidhiwa ndiyo iliyo nayo.

Hapa ndipo penye dalili ambayo ningependa kila anayesakinisha Linux aijue: hesabu machaguo yaliyomo kwenye orodha ya resolusheni. Ukikuta chaguo moja tu lisiloweza kubadilishwa, mara nyingi kiendeshi hakipo. Ukikuta orodha fupi ya 1024 kwa 768, 800 kwa 600 na 640 kwa 480, basi kiendeshi kipo na kinafanya kazi, lakini hakikupata EDID, na kwa tahadhari kimetoa vipimo vya kawaida ambavyo karibu kila skrini inavimudu, bila kuvuka 1024 kwa 768.

Dalili hiyo huthibitishwa kwa amri mbili zinazoandikwa kwenye dirisha la terminal. Ya kwanza ni `lspci -k`, ambayo huorodhesha vifaa pamoja na viendeshi vyake. Tafuta mstari wa kadi ya grafiki na uangalie kama chini yake pameandikwa "Kernel driver in use" na jina la kiendeshi. Ya pili ni hii:

`cat /sys/class/drm/card*-HDMI-A-1/edid | wc -c`

Jibu likiwa 128 au 256, skrini imesikika. Likiwa 0, haikusema kitu au haikusikika. Usitumie `ls -l` kupima ukubwa wa faili hilo, kwa sababu huonyesha 0 hata taarifa ikiwa nzima, nami niliwahi kuitupia lawama kebo isiyo na hatia kwa kosa hilohilo. Kama skrini imeunganishwa kwa njia nyingine, `ls /sys/class/drm` itakupa jina sahihi la tundu lake.

Kiendeshi kisipokuwepo, mshukiwa wa kwanza ni neno moja: `nomodeset`. Mtu anapochagua njia ya "grafiki salama" kwenye menyu ya kusakinisha, aghalabu kwa sababu njia ya kawaida ilimpa skrini nyeusi, neno hilo huongezwa kwenye maagizo ya kuwashia kerneli, nalo huizuia isipange resolusheni. Linafaa kwa kuvukia mto, lakini wakati mwingine hubaki hata baada ya usakinishaji kwisha. Endesha `cat /proc/cmdline` uone kama bado lipo. Kabla ya kuliondoa moja kwa moja, jaribu mara moja tu: kwenye menyu ya GRUB, ile programu inayoianzisha Linux kompyuta inapowaka, bonyeza kitufe cha e, lifute neno hilo, kisha bonyeza F10. Badiliko hilo hudumu kwa uwakaji huo mmoja, kwa hiyo skrini ikiwa nyeusi unazima na kuwasha tena bila hasara yoyote. Jaribio likifaulu, lifute kwenye faili la `/etc/default/grub` na uendeshe `sudo update-grub` kama unatumia Debian, Ubuntu au jamaa zake.

Kwa kadi za NVIDIA kuna mtego mwingine, na kwa maoni yangu ndio unaowanasa wengi kwa sababu hauonyeshi kosa lolote. Kiendeshi cha kampuni yenyewe kinasakinishwa vizuri, kompyuta inawashwa upya, na picha inabaki vilevile. Sababu ni Secure Boot, kinga ya UEFI dhidi ya programu zisizoaminika: kipengele hicho kikiwa kimewashwa, kerneli hukataa kupakia kiendeshi kisicho na sahihi ya kidijitali inayoitambua. Ubuntu huomba nenosiri wakati wa kusakinisha kiendeshi, kisha kompyuta inapowaka hutokea skrini ya buluu yenye menyu ya MOK (funguo za uaminifu za mwenye mashine), ambapo unatakiwa kuchagua "Enroll MOK" na kuliandika nenosiri lilelile. Menyu hiyo husubiri kwa sekunde chache tu. Asiyeijua huiona kama hitilafu, huipita, na kiendeshi hubaki kwenye diski bila kupakiwa kamwe. Kadi za AMD hazina mtego huu, ila huhitaji faili za programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Debian iliziacha nje ya diski zake rasmi za kusakinishia hadi toleo la 12 la mwaka 2023, na kwa matoleo ya nyuma ya hapo huna budi kuongeza pakiti ya `firmware-amd-graphics`.

Ikiwa tatizo ni EDID, acha kibodi kwanza na uishike kebo. Vifaa vinavyokaa kati ya kompyuta na skrini, kama adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, kigawanyaji cha picha au kisanduku cha kutumia kompyuta mbili kwa kibodi moja, ndivyo vinavyomeza taarifa hiyo mara nyingi. Unganisha skrini moja kwa moja kwa kebo fupi na upime tena. Katika kebo ya VGA, nyaya mbili za mazungumzo hupita kwenye pini ya 12 na ya 15, na mojawapo ikikatika picha itaendelea kuonekana kama kawaida lakini skrini itakuwa bubu. Ukiikagua plagi na kukuta pini ya 9 haipo, usishtuke, kwani kebo nyingi nzima hutengenezwa bila pini hiyo.

Kebo zikiisha na skrini ikabaki bubu, hapo ndipo inafaa kuiandikia kompyuta vipimo kwa mkono. Amri ya `cvt 1920 1080 60` hutoa mstari huu:

`Modeline "1920x1080_60.00" 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync`

Unatisha, lakini una hesabu rahisi ndani yake. Picha ina pikseli 1920 kwa mstari, ila kila mstari umetengewa muda wa pikseli 2576. Ina mistari 1080, ila imetengewa muda wa mistari 1120. Ziada hiyo ni urithi wa skrini za zamani za mrija, ambazo mwale wake ulihitaji nafasi ya kurudi mwanzo wa mstari na kupanda tena juu. Zidisha 2576 kwa 1120, kisha kwa mara 60 kwa sekunde, utapata takriban milioni 173, yaani ile 173.00 ya mwanzo, ambayo ni megahezi.

Mstari huo hutumiwa kwa hatua tatu: `xrandr --newmode` ikifuatwa na kila kilicho baada ya neno Modeline, kisha `xrandr --addmode HDMI-1 "1920x1080_60.00"`, na mwisho `xrandr --output HDMI-1 --mode "1920x1080_60.00"`. Mipangilio hii hupotea unapotoka kwenye akaunti, hivyo amri zote tatu huwekwa kwenye faili la `~/.xprofile`. Wenye kompyuta mpakato za 1366 kwa 768 watashangaa `cvt` ikiwarudishia 1368, kwa kuwa huzungusha upana hadi namba inayogawanyika kwa 8.

Hata hivyo, yote hayo ni ya X, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye Linux. Endesha `echo $XDG_SESSION_TYPE`, na jibu likiwa wayland, yaani mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, kama lilivyo kwenye matoleo mengi ya sasa yenye eneokazi la GNOME au KDE, `xrandr` haitabadilisha kitu. Badala yake iambie kerneli kwa kuongeza `video=HDMI-A-1:1920x1080@60` kwenye maagizo yaleyale ya kuwashia kerneli, ndani ya faili la `/etc/default/grub`. Angalia jina la tundu: kinachoitwa HDMI-1 na X kwa kawaida huitwa HDMI-A-1 na kerneli, na herufi hiyo moja ikikosekana agizo lote hupuuzwa kimyakimya.

Kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine, hakuna kebo ya kulaumu, kwani skrini yenyewe ni ya kubuni. Sakinisha Guest Additions kwa VirtualBox au `spice-vdagent` kwa QEMU. Na kama dirisha la kusakinishia limezidi skrini ya 800 kwa 600 kiasi kwamba kitufe cha kuendelea kimezama chini, shikilia Alt, au kitufe cha Super kwenye GNOME, kisha ukamate dirisha popote kwa kipanya na kulivuta juu hadi kitufe kionekane.