Baridi ya Kabale Inasingiziwa Mengi

Nilipopata nafasi ya chuo Kabale, mji wa milimani kusini-magharibi mwa Uganda, nyumbani Busia, upande wa mashariki kwenye joto, ilikuwa kana kwamba nimepangiwa Ulaya. Shangazi alileta blanketi la pili, jirani akaleta kofia ya sufu, na mama akanipa maagizo matatu: funga dirisha, kunywa chai, usinyeshewe. Kila mmoja alikuwa na habari za baridi ya huko, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuipita Mbarara, mji wa njiani. Leo niko mwaka wa tatu. Katika muda wote huo sijaona mtu aliyedhuriwa na baridi yenyewe. Niliowaona wakiumia waliumizwa na mbinu za kuikimbia, na nyingi ya mbinu hizo tulifika nazo kutoka makwetu.

"Uganda iko kwenye ikweta, baridi itoke wapi?"

Hii ni ya wale wanaokuja na shati moja. Basi la kutoka Kampala hupita Kayabwe, pale penye alama ya ikweta watu wanapopiga picha, na abiria mgeni hudhani joto la pale litamsindikiza mpaka mwisho wa safari. Ikweta inagawa usiku na mchana karibu sawasawa mwaka mzima, lakini joto linategemea pia umepanda juu kiasi gani. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, Kabale inakaribia 2,000. Na asiyeamini atazame Rwenzori: kilele cha Margherita, mita 5,109, kina barafu, nacho kiko hatua chache tu kutoka ikweta ukitazama ramani.

Lakini pia si Ulaya. Hakuna theluji mjini, na mchana huwa nyuzi 23 au 24, hali ya hewa ambayo mtu wa Kampala angeilipia. Tatizo ni alfajiri, inaposhuka hadi kwenye nyuzi 10 au 11, nawe una kipindi cha saa mbili asubuhi.

Wengi hudhani baridi kali inakuja na mvua. Mimi pia nilidhani hivyo. Mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba huleta matope na nguo zisizokauka, lakini usiku wenye baridi zaidi ni wa Juni na Julai, wakati wa kiangazi. Mawingu hufanya kazi ya blanketi. Yakiondoka, ardhi inapoteza joto lake usiku kucha bila kizuizi. Tena hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka milimani kama maji na kutuama mabondeni. Ndiyo maana asubuhi ukisimama juu kilimani unaona bonde limejaa ukungu mweupe kama maziwa, na aliyepanga chumba bondeni kwa sababu ni rahisi ndiye anayetetemeka kuliko wote.

"Mkaa ukishakuwa mwekundu hauna sumu"

Hapa nitakaa kidogo.

Katika hosteli nyingi za kupanga, majiko ya umeme yamepigwa marufuku kwa sababu ya bili. Kwa hiyo kila chumba kina sigiri, yaani jiko la mkaa. Unapikia nje barazani, chakula kikiiva mkaa bado unawaka, na ni hasara kuumwagia maji. Unaiingiza ndani, unafunga mlango, unaziba upenyo wa chini kwa taulo, unafungua daftari. Raha tupu.

Wanaofanya hivyo si wajinga. Wana kanuni zao, na kanuni hizo zinasikika kama za kitaalamu. Wanasema moshi ndio wenye sumu, kwa hiyo subiri uishe. Wanasema ukiweka sufuria la maji juu yake, maji yananyonya sumu. Wanasema mtu akizidiwa, mpe maziwa.

Zote tatu si kweli. Sumu ya jiko la mkaa ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na haihitaji moshi ili iwepo. Inatoka pale mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha, yaani hasa ukiwa mwekundu, mzuri, bila moshi, ndani ya chumba kilichofungwa. Ukiivuta, hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi kile unachokihitaji. Maji ya sufuria hayainyonyi gesi hii kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Na maziwa yanakwenda tumboni, wakati sumu iko kwenye damu.

Ubaya wake mwingine ni kwamba dalili zake zinafanana na maisha ya kawaida ya mwanafunzi: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu mizito, usingizi. Mwaka wa kwanza sisi watatu tulisoma hivyo usiku mmoja kabla ya mtihani, na kila mmoja wetu aliamini ni njaa. Mmoja alitoka kwenda msalani, akarudi akasema nje kichwa kimemwachia. Hiyo ndiyo ishara ya kukariri: mkiumwa wote chumba kimoja kwa wakati mmoja, na anayetoka nje anapata nafuu, basi si njaa wala malaria. Tokeni, fungueni kila kitu, na aliyelegea apelekwe hospitali awekewe oksijeni. Aliyelala usingizini na sigiri hapati nafasi hiyo ya kwenda msalani.

Ukitaka joto la kitandani, chemsha maji, yatie kwenye chupa ya plastiki ngumu, ifunge vizuri, ivike soksi, iweke miguuni. Hutumii hata sarafu moja zaidi, maana mkaa ulikuwa unawaka vilevile.

"Funga dirisha, utapata mafua"

Mama yangu bado ananipigia simu: "Mwanangu, umefunga dirisha?" Namjibu, "Ndiyo, mama," halafu nalifungua kidogo.

Mafua yanaletwa na virusi, na virusi vinatoka kwa mtu. Wanafunzi saba kwenye chumba kimoja cha kujadiliana, madirisha yote yamefungwa, mmoja anapiga chafya: hapo ndipo mafua yanapopatikana. Hata hivyo mama hajakosea kabisa. Virusi vya mafua ya kawaida huzaliana vizuri zaidi kwenye nyuzi 33 kuliko 37, na pua inayovuta hewa baridi ni mahali pa kuvifaa. Lakini baridi haiwezi kukupa kirusi ambacho hakuna mtu aliyekuletea. Hali kadhalika kunyeshewa: mvua inakulowesha, haikuambukizi. Vaa kitu kikavu, basi.

"Kabale hakuna mbu"

Chandarua changu kilikaa ndani ya begi mwaka mzima wa kwanza. Wenyeji walicheka walipokiona, na zamani wangekuwa na haki ya kucheka, kwa sababu kimelea cha malaria hukua polepole sana ndani ya mbu kukiwa na baridi, na chini ya nyuzi 16 hivi hushindwa kabisa. Lakini Kabale iko karibu na kikomo hicho cha joto, haiko mbali chini yake. Joto likiongezeka kidogo na mvua zikizidi, mlango unafunguka. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na mwanzoni mwa 1998, malaria ililipuka milimani humo, na ikawakuta watu wasio na kinga ya mwili ambayo sisi wa Busia tunaijenga kwa kuumwa tangu utotoni. Isitoshe mabonde mengi yaliyokuwa vinamasi vya mafunjo yamelimwa, na waliopima wamekuta usiku kwenye vinamasi vilivyolimwa kuna joto zaidi kidogo kuliko penye mafunjo. Mbu hajali kidogo hicho ni kidogo kiasi gani.

Halafu kuna sisi tunaoibeba wenyewe. Ukiumwa na mbu Busia mwisho wa likizo, homa huchukua wiki moja, mbili au zaidi kujitokeza. Inakukuta hosteli, unatetemeka chini ya mablanketi mawili, na kila mtu anasema "ni baridi ya huku, utazoea." Lugha yetu nayo inachangia: tunasema homa ya baridi, mtu anasikia baridi tu. Ukitetemeka na mwili una joto, nenda ukapimwe damu. Majibu yanatoka kabla hujamaliza foleni ya dawa.

"Kidogo tu cha waragi, mwili upate moto"

Ngozi inapata moto, ndiyo. Pombe hufungua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto inakimbilia juu, unajisikia umewaka. Joto hilo limetoka kifuani na tumboni, na sasa linapotelea hewani. Nusu saa baadaye una baridi kuliko aliyekunywa bushera, kinywaji cha mtama, na tena huna akili ya kutafuta sweta.

Kabale ina sababu yake ya pekee ya kuiogopa pombe ya kienyeji isiyojulikana ilikotoka. Mwaka 2010 waragi yenye methanoli, pombe ya sumu, iliua watu wapatao 80 wilayani humo. Methanoli hunywewa kama pombe nyingine yoyote, ladha haikuonyi, kisha mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu macho kwanza. Vipakiti vidogo vya pombe vilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, lakini chupa ya plastiki isiyo na jina bado haikosi mtu wa kuiingiza bwenini.

"Tia miguu kwenye beseni la maji baridi, utasoma mpaka asubuhi"

Hili tumelitoa sekondari. Watu wanakesha wiki nzima ya mitihani, miguu kwenye beseni, na Kabale beseni lenyewe linakuwa adhabu. Linafanya kazi kwa maana moja: hutalala. Lakini ulichosoma hupangwa na kukazwa kwenye ubongo wakati umelala, na beseni haliwezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yako. Kahawa nayo inaficha uchovu tu, na nusu yake bado iko mwilini saa tano baadaye. Cha ajabu, chumba chenye ubaridi ni kizuri kwa usingizi kuliko chumba cha Busia cha mwezi wa pili. Tunapewa usingizi bora wa nchi nzima halafu tunaukataa kwa beseni.

Madogo madogo

Kofia ya jirani: eti joto lote la mwili linatokea kichwani. Kichwa kinapoteza joto kwa kadiri ya ukubwa wake, kama sehemu moja ya kumi hivi. Kofia ni nzuri, lakini soksi na fulana mbili nyembamba chini ya sweta vitakufaa zaidi, kwa kuwa kinachokukinga ni hewa iliyonaswa katikati ya nguo.

Utani kwamba Wakiga, wenyeji wa Kabale, hawaogi kwa sababu ya baridi: niliyeshiriki naye chumba ni mzaliwa wa huko, alikuwa anaoga saa kumi na moja alfajiri kwa maji ya bomba, anaimba. Aliyekuwa anapitisha siku mbili bila kuoga hakuwa yeye, na sitamtaja.

Na hili la mwisho, kwamba kukiwa na baridi jua halichomi. Ngozi inachomwa na miale isiyo na uhusiano na joto unalolisikia, na miale hiyo inazidi kuwa mikali kadiri unavyopanda juu. Sisi tuko juu na tuko karibu na ikweta, tunaota jua kwenye majani kila saa nne asubuhi, tumefurahi. Nilirudi nyumbani Desemba ngozi imebabuka puani, rangi imekolea. Mama alinigeuza huku na huku mlangoni, akamwita shangazi, akauliza kama kweli yale mablanketi yalikuwa na kazi yoyote.