Saray si nyumba ya wake wa sultani

Wengi wakisikia neno la Kituruki saray, hudhani ni nyumba alimofungia sultani wake zake. Dhana hii ni ya karne nyingi, na si sahihi. Waturuki walilitoa neno hilo kwenye Kiajemi, kwa maana ya jumba. Hata nyumba ya kupumzikia misafara iliitwa kervansaray, na jina la mji wa Sarajevo, huko Bosnia, linatokana na jumba la gavana.

Mkanganyiko ulianzia Italia. Waitaliano walikuwa na neno lao, serraglio, linalotokana na kitenzi cha kufunga. Maneno hayo mawili yalifanana kwa sauti, yakachanganywa.

Jumba la Topkapı la masultani mjini Istanbul, lililoanza kujengwa mwaka 1459, lilikuwa makao ya serikali. Humo mlikuwa na hazina, majiko makubwa na ukumbi wa baraza la mawaziri. Juu ukutani mwa ukumbi huo kuna dirisha la nondo: nyuma yake sultani aliweza kuketi akisikiliza, na mawaziri chini wasijue kama yupo.

Makao ya wanawake yalikuwa sehemu moja tu, na yana jina lake: harem, neno la Kiarabu, ndugu wa “haramu” yetu.