Tiba ya mwanga kwa soriasisi, na kwa nini daktari wa ngozi akupime presha

Tiba ya mwanga ni kuiweka ngozi yenye ugonjwa mbele ya taa maalumu za miali ya urujuanimno, kwa kipimo kinachopangwa na daktari wa ngozi. Taa zinazotumika zaidi siku hizi kwa soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, hutoa miali ya urefu wa nanomita 311 hadi 313 tu. Mwaka 1981 watafiti wawili, Parrish na Jaenicke, waliijaribu miali ya urefu mbalimbali kwenye mabaka ya wagonjwa. Ile ya nanomita 290 kushuka chini iliibabua ngozi bila kuondoa mabaka. Ile ya kuanzia 296 hadi 313 iliyaondoa.

Soriasisi si fangasi wala haiambukizi. Ni kinga ya mwili iliyochachamaa: ngozi ambayo kwa kawaida hujiumba upya kwa takriban mwezi mmoja hufanya hivyo kwa siku chache, magamba yakarundikana. Kwenye ngozi nyeusi mabaka mara nyingi huwa ya zambarau au kijivu, si mekundu kama picha nyingi za vitabuni, na ndiyo maana inaniuma kuona watu wakipakwa dawa za fangasi miaka na miaka. Miali ya taa hupunguza kasi ya seli hizo za ngozi na kuziua seli za kinga zinazozichochea.

Mgonjwa huingia kwenye kabati la taa kama mara 3 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Huanza na muda mfupi sana, kisha kipimo hupandishwa kidogo kidogo. Ngozi nyeusi huhitaji kipimo kikubwa zaidi. Macho hufunikwa kwa miwani ya kinga, na wanaume hufunika sehemu za siri. Tiba hii kwa kawaida haiwafai watu wenye ualbino, wenye lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), wala waliowahi kuugua saratani ya ngozi. Jua la saa sita mchana si mbadala wake. Ni kweli wengi hupata nafuu juani, lakini kipimo chake hakijulikani, na ngozi ikibabuka mabaka mapya yanaweza kuzuka pale pale palipoungua.

Kikwazo kikubwa ni nauli na ruhusa ya kazini. Kwa hiyo nilifurahi sana matokeo ya jaribio la Marekani yalipotoka mwaka 2024: taa ya nyumbani, ikitumiwa kwa maelekezo ya daktari, haikuwa duni kuliko ya kliniki, na wagonjwa wenye ngozi nyeusi walikuwa miongoni mwa waliopimwa.

Sasa, presha inaingiaje? Kemikali zilezile za kinga zinazowasha ngozi huzunguka na damu mwili mzima. Moja yake, TNF, huufanya mwili usiitikie insulini vizuri. Wenye soriasisi, hasa kali, hupatwa zaidi na kisukari cha aina ya pili, presha, lehemu mbaya, kitambi na maradhi ya moyo. Kitambi nacho kina mchango wake: mafuta ya tumboni hutoa kemikali hizohizo, na mwenye uzito mkubwa mara nyingi hapati nafuu kamili hata kwa dawa nzuri. Akipungua uzito, ngozi yake huwa na nafasi nzuri zaidi ya kutulia.

Je, mwanga unafika huko ndani? Kwa sehemu. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, waliopata mwanga kwa wiki 12 walishuka vipimo viwili vya damu vinavyoonyesha uchochezi mwilini, yaani kinga iliyochachamaa: CRP na IL-6. Lakini uchochezi kwenye ukuta wa mshipa mkuu wa damu haukupungua kuliko kwa waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na tiba ndani yake. Nami naliona hilo ndilo jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: ngozi inaweza kutakata huku sukari na presha zikiendelea kupanda. Basi siku ya kwenda kwenye taa omba upimwe presha, sukari, lehemu na mzunguko wa kiuno, na vipimo hivyo virudiwe hata baada ya mabaka kwisha.

Viungo pia havitibiki kwa taa. Vidole vikivimba, au mgongo ukikakamaa kila asubuhi, mwambie daktari mapema. Hiyo huenda ni baridi yabisi ya soriasisi, nayo ina dawa zake za kumeza au sindano.