"Njooni muwatishe kidogo": dhana potofu kuhusu kuwafundisha wanafunzi hatari za uhalifu

Shule zikifungua tu, maombi ya shule kwetu polisi ni yaleyale, yawe yanatoka Uyole, Mbalizi, Mafinga au Makambako: "Wanafunzi wameharibika, njooni muwatishe kidogo." Kwenye vikao vya wazazi nako swali halikosi: kwa nini watoto wasipelekwe gerezani wakajionee? Nia ni njema, msingi ni mbovu. Tuanze hapo, maana dhana hii ndiyo inayoharibu kazi kuliko nyingine zote.

"Mtoto akiogopa vya kutosha, hatathubutu"

Wamarekani walishalijaribu hili kwa bidii. Kuanzia miaka ya 1970, katika gereza la Rahway huko New Jersey, vijana waliingizwa ndani wakafokewa na wafungwa wa kifungo cha maisha. Watafiti walipolinganisha programu za namna hiyo, waliopelekwa ndio walioelekea kurudia makosa kuliko wenzao ambao hawakupelekwa. Haishangazi. Kijana wa miaka 15 akiwa na wenzake kijiweni hapigi hesabu ya kifungo cha miaka 30. Anapiga hesabu mbili tu: je, nitaonekana, na je, wakinicheka? Kinachomzuia mtu zaidi ni kujua kwamba atakamatwa, kuliko ukubwa wa adhabu anayotangaziwa mstarini.

Madhara mengine hayaonekani haraka. Darasani yumo aliyenyang'anywa simu, yumo anayeshikwashikwa na bodaboda anayempa lifti, yumo aliyemwona kaka yake akificha mzigo juu ya dari. Ukimwaminisha kwamba askari ni mtu wa kuogopwa, huyo hatakanyaga Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hata akifanyiwa unyama. Umemfungia mlango uliokuja kumfungulia.

Kuna na tabia ya kuwaita mbele "wale watukutu" mbele ya shule nzima ili afande awaone. Tafadhali, iacheni. Mtoro wa Kidato cha Pili anayesimamishwa mbele ya wanafunzi 600 anarudi mstarini akiwa maarufu, na jina alilopewa atalifanyia kazi. Vivyo hivyo kuleta kete za bangi na kuzipitisha mikononi "ili wazijue". Wasiozijua sasa wanajua zinavyofungwa na zinavyonukia. Hakuna somo hapo.

Kinachofanya kazi hakina mbwembwe. Kwanza, ondokeni mstarini, ingieni darasani, mkondo mmoja kwa wakati. Darasa likizidi wanafunzi 50, ligaweni. Pili, kipindi kimoja, kosa moja. Dakika 40 hazitoshi bangi, wizi, mimba na mitandao kwa pamoja. Atakayejaribu ataishia kuhubiri. Dakika tano toa mkasa mfupi usio na jina la mtu, kumi na tano eleza sheria inasemaje na kesi inapita wapi, kumi na tano zingine wafanye mazoezi, zilizobaki ni za maswali.

Mazoezi ndiyo yanayorukwa, na ndiyo kiini. Mwanafunzi asimame, mwenzake aigize jamaa wa stendi anayemwambia, "Dogo, nipelekee hiki kifurushi Mwanjelwa, kuna buku tano yako." Ajibu kwa sauti: "Sibebi nisichokiona ndani." Jamaa abembeleze, amcheke, aongeze dau. Jibu libaki lilelile, kisha aondoke. Wa kwanza watacheka na kuona aibu. Hiyo ni kawaida. Ikifika mara ya nne ulimi umezoea, na ulimi uliozoea ndio utakaomsaidia siku ya siku, maana siku hiyo hatakuwa na muda wa kukumbuka vifungu.

Kwa maswali, kata karatasi ya daftari vipande vinne, kila mwanafunzi apewe chake na kila mmoja aandike kitu. Asiye na swali aandike "sina swali". Bila hivyo, anayeshika kalamu anajulikana. Asivikusanye mwalimu wa darasa, kwa sababu anaifahamu miandiko yao. Hapo ndipo yanapotoka ya kweli: "Begi si langu ila mimi ndiye niliyekutwa nalo, nafanyaje?"

Na msitegemee ziara moja kwa mwaka. Wekeni kipindi kimoja kabla ya likizo ya Juni na kingine kabla ya ile ya Desemba, kwa sababu likizo ndipo mtoto anapokuwa na muda mwingi, hela kidogo na hana mtu wa kumhesabu. Katikati, mwalimu wa malezi na unasihi aendeleze. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure, iandikwe nyuma ya mlango wa choo, ambako mtoto anaisoma akiwa peke yake. Ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mkuu wa shule hauna faragha.

"Mwanafunzi hafungwi"

Hii inatoka kwa wanafunzi wenyewe, na wakubwa wanaowatumia wanaipenda sana. Sheria haitazami sare, inatazama umri. Mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Wa kati ya 10 na 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa anachofanya hakifai. Kuanzia 12 anashtakiwa. Ni kweli, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha jela, lakini mahakama inaweza kuamuru apelekwe shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha watoto waliotenda makosa, na watu wa Mbeya hawana haja ya kuitafuta mbali: Irambo iko mkoani kwao. Akishtakiwa pamoja na mtu mzima, kesi inatoka Mahakama ya Watoto inakwenda mahakama ya kawaida.

Kisha kuna Kidato cha Nne na cha Sita, ambako wenye miaka 18 na 19 wamejaa tele. Hao ni watu wazima. Kijana wa miaka 19 akimpa mimba binti wa shule ya msingi au sekondari, Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya 2016, inasema miaka 30. Kuvaa kaptula ya shule hakupunguzi hata siku moja.

Kwa wazazi: cheti cha kuzaliwa kitafuteni sasa. Kijana wa miaka 16 mwenye ndevu, asiye na karatasi yoyote, ni rahisi kuandikwa ana 18 na kuwekwa na wakubwa. Mahakama ina wajibu wa kuchunguza umri, lakini wakati inachunguza mtoto wenu analala wapi? Akikamatwa ataje umri wake mara moja, aombe mzazi aitwe, na aulizie afisa ustawi wa jamii.

"Mimi nilibeba tu"

Kwenye sheria ya dawa za kulevya, kusafirisha kunajumuisha kubeba, kuhifadhi, kupeleka na kugawa. Asiye na shamba wala mteja bado anaweza kusimama kizimbani kwa kosa hilo. Kwa wanafunzi wa Tunduma wanaotumwa na vifurushi kupitia njia za panya kwenda na kurudi Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, somo hili lingepaswa kuwa la kwanza kwenye orodha.

"Kibaka akiuawa na umati, hakuna mwenye kesi"

Kila aliyerusha jiwe kwa nia moja na wenzake anaweza kushtakiwa kwa mauaji, na aliyekwenda kununua petroli vilevile. Sare huwarahisishia mashahidi kumtambua mtu. Wafundisheni kitu kimoja tu: wakisikia kelele za mwizi njiani, wageuze njia, na aliye karibu na simu apige 112.

"Kumtafutia binti kazi mjini ni kumsaidia"

Akichukuliwa Kilolo au Ludewa kwenda kutumikishwa Dar es Salaam, huo ni usafirishaji haramu wa binadamu chini ya sheria ya mwaka 2008, na ridhaa ya mzazi haifuti kosa. Anayepewa hela ya soda ili amshawishi mwenzake, naye yumo.

"Ni picha tu, tena alinitumia mwenyewe"

Picha ya ngono ya aliye chini ya miaka 18 ikisambazwa kwa simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Kuiposti kwenye kundi la darasa ni kusambaza.

Walimu nao wanajikwaa hapa. Simu ikinaswa na picha ya namna hiyo, mwalimu anajitumia "kama ushahidi", kisha anamtumia mkuu wa shule, mkuu anaipeleka kwenye kundi la bodi. Wote hao wameisambaza. Msiifute, msiifungue tena, msiitume kokote. Izimeni simu, iwekeni kwenye bahasha, iandikeni tarehe, saa na jina la aliyeikuta, ifungieni kabatini, na ifike Dawati siku hiyohiyo ikiwa mikononi mwa mtu mmoja.